Mutoto Tulishamulilia, Nimemuona mu Filimu ya Historia

Mama Emilienne, mushauri wa gazeti yetu ya paroisse, ya kanisa yetu, nakusalimu. Nisaidie, roho yangu haitulie. Sikusoma sana, nilifika mwaka ya tatu tu, nitaandika vile nasema. Kama kuna makosa, batu ya gazeti batengeneze.

Mi ni Mwenze. Muandike jina, hapa Nchelenge ba Mwenze ni mingi, hakuna mutu atajua. Nabeba mizigo ku bandari ya Kashikishi. Chumvi, sabuni, mifungo ya samaki ya kukauka. Bwato ikifika naingia mu mayi mpaka kiuno, natosha mizigo, napandisha ku motoka. Njo kazi yangu tangu nilivuka ziwa kutoka Congo na bibi yangu Marlène. Marlène alishakufa. Sikuoa tena.

Tulibakia na mutoto moja tu, mwanaume, Blanchard. Bengine balikufa badogo. Alipokuwa kijana alienda Lubumbashi kukaa kwa mujomba yake Dominique, ndugu ya Marlène. Kule alibeba mizigo ku soko. Nyuma akarudi hapa, akaoa Deborah, mutoto ya Babemba ya hapa hapa. Bakazaa mutoto mwanamuke. Alibeba mizigo na mi, nyuma akaanza biashara yake, anavuka na sabuni, anarudi na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese.

Wakati ile vita ya kwanza ilikuwa inakaribia, ile iligeuza Zaire kuwa Congo, akavuka. Upepo ikapiga. Batu ya kisiwa ya Kilwa, kati ya ziwa, bakakuta bwato imepinduka, bakatosha maiti mbili. Blanchard hakuonekana. Tukangoja. Ziwa ikakatala kumurudisha. Basi tukafanya vile banafanya hapa kama mutu haonekane: tukakata mugomba, tukauvalisha suruali yake na shati yake, tukauzika. Tukalia matanga. Deborah akanyoa kichwa. Ilipita.

Sasa sikia shida.

Karibu na soko kuna nyumba ya video ya Chisenga. Jenereta, televizyo moja, mabenchi, gunia ku madirisha ili kuwe giza. Siku yote ni karate. Alafu mwalimu moja, Fanwell, akaleta katoni ya kaseti, akasema kila siku ya Mungu nyuma ya misa ataonyesha filimu ya kweli, historia ya inchi mbalimbali, mutu yote aingie. Yeye anaita dokumentari. Mi niliingia juu ya jua tu, ilikuwa kali. Nikakaa.

Mama, nilipenda. Sikujua kama kuna filimu ya vile. Inchi ya India, batu banatembea na miguu mwendo murefu mpaka ku bahari, kuokota chumvi, juu serikali ya bazungu ilikatala. Chumvi! Mi naibeba kila siku, sikujua kama batu balipigwa fimbo juu yake. Inchi ya Badachi, balijenga ukuta kati ya muji, nyuma bakapanda juu na nyundo bakauvunja. Ghana, batu banacheza usiku bendera yao inapanda. Fanwell anasimama pembeni ya televizyo anageuza Kingereza mu Kibemba, na batu banauliza. Mama moja akasema, "Ba titsha, hao banaume bale ku ukuta, nyumbani hakuna kazi ya nyundo?" Bote bakacheka. Nilirudi kila siku ya Mungu. Nilikuwa nawaza mu kazi, mufuko ku shingo, nawaza inchi ya batu.

Lakini mi siangalie bakubwa ya mbele. Bale banasema banasema, banasainisha, banapeana mukono. Naangalia nyuma yao. Mu kila inchi kuna mutu anapita kule nyuma na muzigo. India eko. Ghana eko. Ku ukuta ya Badachi eko, anabeba mawe. Yule njo wangu.

Basi siku moja Fanwell akaweka kaseti ya historia ya Congo. Inasema Kifaransa, Fanwell hakijue, mi nasikia nusu. Zamani, reli, mashimo ya shaba, nyuma indépendance, nyuma miaka ya Zaire, nyuma vita. Kuelekea mwisho inaonyesha Lubumbashi, basoda banaingia mu muji, batu banapunga matawi. Na mi naangalia nyuma. Na kule nyuma kuna mutu anapita na mufuko ku shingo, chini ya mufuko ameweka kitambaa, na kona ya kitambaa ameiuma na meno.

Mama, ile mi nilimufundisha. Mufungo ya samaki ya kukauka iko na miba, inatoboa shingo. Unaweka kitambaa. Kitambaa inateleza, mukono yote mbili iko ku muzigo, hauna mukono ya kuirudisha. Unauma kona na meno. Haiteleze tena. Tata yangu alinifundisha, mi nikafundisha Blanchard.

Nikasimama. Sikujua kama nimesimama. Nikaenda mpaka ku televizyo, nikaweka kidole ku kioo. Batu ya nyuma bakaanza kelele.

"Kaa chini, we mukubwa! Tunaangalia Congo, hatuangalie mugongo yako!"

"Mumuache, ba Mwenze bameona mupenzi!"

"Mupenzi gani, eko na mufuko ya bunga! Ba Mwenze, muombe kilo moja!"

Nikamwambia Chisenga, "Rudisha."

"Ba Mwenze, nikirudisha rudisha kaseti itakatika. Na mafuta ya jenereta inaisha."

"Rudisha."

Akarudisha. Anatokea pembeni, uso yake ya kitoto, amekonda, kama vile alikuwa wakati alikaa kwa mujomba. Vita ilimukondesha. Anatembea kidogo tu. Nyuma anapita nyuma ya motoka ya basoda. Hatoke. Hapo banabadilisha picha, mukubwa fulani anasema. Hatukumuona akitoka ngambo ya ile motoka.

Fanwell akaniuliza, "Ba Mwenze, mumeona nani?"

Nikasema, "Rafiki ya zamani." Nilimudanganya.

Tangu ile siku silale muzuri. Ninaenda kwa Chisenga muchana wakati hakuna batu, nambebea mafuta ya jenereta, ananiwekea. Pale pale, narudisha, pale pale. Sasa pale penyewe kaseti imeanza kufanya mistari nyeupe, na Chisenga analalamika. Nikaanza kutafuta ingine. Nawaza, kama alipita mu moja, anaweza kupita mu ingine. Nimeuliza madereva ya Mansa. Nimeuliza bamasista, beko na moja tu, ya Roma. Nimeuliza filimu ya Rwanda, ya Angola, ya inchi yote iko karibu na Congo, juu vita inatembeza batu. Mufanyabiashara moja akaniletea kaseti, akaapa ni historia ya Congo. Tukaweka. Ilikuwa ndoa ya batu ya Likasi. Chisenga akacheka mpaka akakaa chini. Mama, niliiangalia yote. Niliangalia nyuma ya bibi-harusi.

Kuvuka kumutafuta siwezi. Vita imerudi tena, ngambo ile batu banakimbia kuja huku. Kila bwato ikifika nabeba bitu yao naangalia sura yao moja moja. Bananiogopa.

Na kuna kitu ingine, njo ile inaniua.

Deborah amepata mutu. Kabaso, anashona nyavu hapa ku bandari, mutu mupole, hakunywe. Anataka kumuoa, na mutoto ya Deborah pia anamutaka. Hapa desturi iko hivi: mwanamuke bwana yake alikufa haoewe mpaka jamaa ya bwana bamufunge bulungu ku mukono, shanga nyeupe moja tu. Njo kumwachilia, njo kusema marehemu hana neno na yeye tena. Mukubwa wa neno ile ni mujomba Dominique, lakini barabara imefungwa na vita, alituma neno kwa mutu akasema mi nifunge. Mama Chipego, mukubwa ya bamama ya kanisa, alishaniletea shanga na uzi. Iko mu poshi ya shati yangu. Nabeba nayo mizigo.

Sifunge. Nilisema, tungoje juma ingine. Nyuma nikasema, ninangoja Dominique atume neno tena. Nyuma nikasema mugongo inauma.

Deborah akakuja kwangu. Mukwe haangalie mukwe uso kwa uso, alipiga magoti inje ya mulango, anaangalia njia.

"Tata, niko na neno."

"Sema."

"Munanishikilia juu ya nini? Kama Kabaso ni mubaya, museme."

"Si mubaya."

"Kama munataka mutoto abaki kwenu, museme. Tutazungumuza."

"Hapana."

"Basi ni nini, tata? Batu banasema munanitaka mwenyewe."

Sikujibu. Akangoja. Nyuma akasimama, akapangusa magoti, akaenda.

Kabaso naye hanisalimie tena. Anageuza nyavu yake upande ingine nikipita.

Kwa nini simwambie? Juu naogopa pande mbili. Nikifunga shanga, na Blanchard eko muzima, basi mi baba yake nimetoa bibi yake kwa mutu na mukono yangu. Nikimwambia Deborah, na si Blanchard, nitamuua mara ya pili mu roho yake, na matanga ile alishaimaliza. Na kuna neno ingine nawaza, siiseme kwa mutu. Tulizika nguo ya mutu muzima. Tulimulilia. Kama ile ilimuitia kifo kule alikokuwa, ni nani aliita? Mi njo nilisema tukate mugomba.

Na kumuonyesha ile video, namna gani? Mukwe na mukwe hatuingie pamoja mu nyumba ya giza. Ata kula pamoja hatukule. Nikimuingiza kwa Chisenga, gunia ku madirisha, ile neno batu banasema itakuwa kweli mu macho yao.

Na Fanwell anahamishwa. Mbele ya mvua ataenda na katoni yake.

Basi nauliza mbili. Moja, ni wapi naweza kupata filimu ingine za historia, ya Congo na ya inchi zingine, nimutafute mule? Mbili, hii shanga nifunge ao nisifunge? Unijibu haraka. Usiseme maneno mingi sana, mi nasoma polepole.

Mi Mwenze, mubeba mizigo, Kashikishi.

*

Papa Mwenze,

Nilisoma mukanda yako, ile barua yote, nikaiweka chini, nikaenda kuteka mayi, nikarudi nikaisoma tena. Pole sana. Mutu alizika mugomba ku nafasi ya mutoto yake, macho yake itapumzika wapi? Si mi nitakucheka juu ya ile ndoa ya Likasi. Mi pia ningaliangalia nyuma ya bibi-harusi.

Lakini nitakugombeza, na nitaanza na ile, juu kuna mwanamuke anangoja.

Deborah alipiga magoti ku mulango yako akakuuliza neno nzito kabisa, neno mwanamuke hatamkie baba mukwe mpaka amechoka. Wewe ukanyamaza. Papa, ulimujibu. Ulimujibu mubaya. Tangu ile siku anaamini kama yale batu banasema ni kweli, na Kabaso anaamini, na mutoto atakua akisikia. Wewe unasema unaogopa kumuumiza. Umeshamuumiza. Umemuweka mulinzi wa bwana yake, na yeye hajue kama wewe bado unamungoja. Unatembea na maisha yake mu poshi, unapakua nayo sabuni.

Sasa tuzungumuze filimu, juu nafikiri hakuna mutu alikueleza.

Bale banatengeneza dokumentari habakuwe pale siku yote ya historia na mashini yao. Banakusanya picha ya miaka mingi, ya huku na ya kule, ingine banaomba kwa batu ya televizyo, nyuma banaziunga. Sauti inaweza kusema mwaka moja na picha ikawa ya mwaka ingine kabisa. Bakitaka kuonyesha batu ya Lubumbashi banapunga matawi, na habana picha nzuri ya ile siku, banatafuta ya siku ingine batu balipunga matawi. Mi niliona mu filimu moja soko yetu, iko na paa, sauti inasema ni juzi juzi. Ile paa upepo iliing'oa wakati niko na mimba ya mutoto yangu ya mwisho, na leo ananipita urefu.

Basi soma mukanda yako mwenyewe, papa, polepole vile unasema unasoma. Uliandika kama Blanchard alibeba mizigo Lubumbashi wakati bado kijana. Uliandika kama uso mu video ni ya kitoto, vile alikuwa kwa mujomba. Nyuma ukasema vita ilimukondesha. Vita inakondesha, ni kweli. Hairudishie mutu ujana. Inaweza kuwa ni yeye kabisa, mutoto yako, na ile picha ni ya miaka ile, mbele ya Deborah, mbele ya bwato. Na inaweza kuwa mutu ingine. Babebaji ngapi balitoka ku ziwa kwenda kutafuta maisha Lubumbashi? Bote balifundishwa na baba zao kuuma kitambaa. Nusu ya uso iko chini ya kitambaa, papa. Ile nusu ingine ni wewe uliijaza.

Sisemi amekufa. Mi sikuwa mu bwato. Ninasema tu kama video haikukuambia kitu chenye unafikiri ilikuambia.

Na ile woga unasema hauiambie mutu: nguo haiue. Mugomba haiue. Mulimulilia mutoto juu mulimupenda na ziwa ilinyamaza. Kama Blanchard eko muzima mahali, siku atarudi atakuomba suruali ingine, basi.

Sasa fanya hivi.

Acha kurudisha ile kaseti. Leo, si kesho. Ile mistari nyeupe unaona ni wewe. Kila mara unarudisha pale pale, unamufuta. Itafika siku hakutakuwa mutu pale, kutakuwa mistari tu, na Deborah atakuwa hajaona.

Nenda kwa mwalimu Fanwell umwambie kweli. Ulimudanganya na yeye alikufungulia mulango bure. Umuombe aache ile kaseti moja hapa, ao atengeneze ingine kama ile mbele ya kuhama. Kule mwisho ya filimu kunakuwa maandiko, jina ya bale baliitengeneza, na mara ingine banaandika picha ilitoka wapi. Ni Kifaransa. Peleka kwa bamasista, bakusomee. Fanwell aandike mukanda kwa bale baliitengeneza, aulize ile picha ya Lubumbashi balipiga mwaka gani. Jibu inaweza kukawia. Inaweza kukosa. Lakini ile njo ulizo, na wewe bado haujaiuliza mutu yote.

Unaniuliza wapi utapata filimu zingine za historia. Nitakujibu, juu kupenda kujua inchi za batu ni kitu kizuri na umri haukatazi. Mwalimu mwenye anahama anajua mwalimu mwenzake ku Mansa, umuombe akuachie jina. Batu beko na televizyo Lusaka banaweza kukamata programu ku kaseti tupu, kama unabapatia ile kaseti mbele. Mukiwa na yule mufanyabiashara tena, mwambie aweke dakika moja ku televizyo mbele ya kukubali kitu. Lakini, papa, usitafute Blanchard mule. Filimu haitafute mutu. Umeangalia nyuma ya India, nyuma ya Ghana, nyuma ya Badachi, na siku hizi unatafuta mutu moja tu mpaka ile inchi yenyewe hauione tena. Siku ile utarudi kuangalia juu ya kujua, angalia na mbele.

Kwa kutafuta mutu, kuna batu ya ile kazi. Kule banapokea bakimbizi, uliza Croix-Rouge, ile Musalaba Mwekundu. Banatafuta bale balipotezana mu vita. Utabapatia jina yake, jina yako, ya mama yake, mahali alizaliwa, mara ya mwisho alionekana wapi na nani. Habatake ujue kuandika. Nenda juma hii. Na bale bakimbizi ku bandari, uache kubachungulia sura kama polisi. Basalimie, uulize jina ya Blanchard kwa sauti. Ata bale banakuogopa batakujibu.

Sasa Deborah.

Muite Mama Chipego, akae karibu, Deborah asikie na mutu mukubwa eko. Nyuma wewe useme, ku mulango pale pale alipokuja: "Niliona mutu mu video nikafikiri ni bwana yako. Nilikuficha ile neno. Sikukutaka, niliogopa." Ni ile tu. Wewe unajua kusema fupi, siku hii ni siku yako. Na ile neno, sikukutaka, uiseme mbele ya Mama Chipego, juu yeye njo ataitembeza ku bamama bote mpaka ile batu banasema ife. Nyuma uende kwa Kabaso umwambie vile vile. Hana deni ya kukusalimia mpaka ufanye ile.

Unasema mukwe na mukwe habaingie nyumba ya giza. Vizuri, mushike desturi yenu. Lakini nani alisema lazima uingie? Mwambie Chisenga atoshe gunia ku madirisha, muchana, bila batu ya karate, bila bale ya kuomba kilo ya bunga. Deborah aingie na Mama Chipego. Chisenga aweke ile pahali mara moja, na kama Deborah anaomba, mara ya pili.

Wewe unajua uso ya mutoto ulizaa na ukalea. Yeye anajua uso ya bwana alimuoa. Ni uso mbili, papa. Ile ya kitoto unaitamani, yeye hakuwahi kuiona. Kama ile iko mu video ni bwana yake, ni yeye atajua. Kama ni kijana hamujue, ni yeye tena atajua, na utakuwa umepata jibu kubwa kuliko ile ya Croix-Rouge.

Akisema si yeye, funga shanga juma ile ile, na ucheze ku ndoa.

Akisema ni yeye, ule ule alimuoa, basi shanga ingoje, na muende bote ku Croix-Rouge, na Kabaso atajua anangoja nini. Mutu mupole anaweza kungoja kama anaambiwa kweli.

Akisema hajue, na nafikiri njo atasema, basi ni yeye atachagua kama anangoja ao anaendelea. Si wewe, si Dominique. Akichagua kuendelea, utafunga, bila ile mugongo inauma. Na kama siku moja Blanchard anashuka mu bwato, wewe utaingia mu mayi mpaka kiuno, utamukamata, utamwambia: tulikulilia, tukamuachilia bibi yako, mi njo nilifunga. Ile muzigo ni ya baba. Usimubebeshe mwanamuke.

Siku ile video itawekwa, baki inje, mbali na mulango. Usichungulie. Usimuambie mbele aangalie wapi, usiseme karibu na motoka, usiseme kitambaa. Mupe nafasi akose kumuona. Na akitoka, usimuulize kitu. Atakuja mwenyewe, atapiga magoti, ataangalia njia. Ngoja aseme. Neno yote atasema, wewe useme "Nimesikia, mwana," kwa sauti, safari hii.